Moto Uliotoa Mikate Baridi

Mkate wa kwanza ulitoka tanurini umeiva vizuri, rangi ya kupendeza, lakini baridi kama jiwe la mtoni. Mwokaji akaugusa, akaurudisha, akaugusa tena. Alipoinama kuchungulia motoni, akamwona aliyeketi humo.

"Dada, ni mtu," alimnong'oneza dada yake. "Kiunoni kwenda juu ni moto mtupu. Kaniambia nilale kifudifudi, nisiinuke."

Dada alikuwa mwalimu wa maandiko, mstaafu ambaye hakuna aliyemuuliza kitu tena. Sasa ameulizwa. Akafungua kitabu kwa madaha, akamsomea jinsi nabii wa kale alivyomwona mtu wa moto, akaanguka kifudifudi. Sura ikaishia hapo, naye akafunga kitabu.

"Ni Utukufu wenyewe huo. Mtii."

Basi mtaa mzima ukahamia pale. Watu walilala sakafuni kwenye unga, wakamwita dada Bi Mfasiri, wakamwekea kiti cha mbele. Kichwa kikamvimba, na nani kisingemvimba? Mdogo wake mwokaji, kila akilala pale, aliinuka kwa shida zaidi na mwili wa baridi zaidi.

Wiki ya pili dada akafungua sura iliyofuata. Mwanzoni kabisa, sauti inamwambia nabii asimame kwa miguu yake. Mungu alimwinua mtu wake. Huyu wa tanurini hataki mtu ainuke. Akajua kuwa ni jini, na kwamba mdogo wake alihitaji kuambiwa neno moja tu. Akanyamaza siku tisa. Aibu iliishinda hofu, huo ndio ukweli.

Siku ya kumi, asubuhi kweupe, alisikia harufu ya nywele zinazoungua, akatoka mbio na kandambili moja mguuni, akawapenya watu waliobanana mlangoni hadi akamkuta mdogo wake amelala mbele ya tanuri lisilo na moto wala kaa wala jivu, mgongo umekakamaa kwa baridi, akapiga kelele kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo, "Simama, mdogo wangu! Nilikosea! Simama!"

Akasimama.

Kiunoni kwenda chini alikuwa yeye, na suruali yake ileile yenye unga. Kiunoni kwenda juu alikuwa moto.

"Dada," moto ukasema kwa sauti ya mdogo wake, "waambie mimi ni nani."

"Ni jini!" alilia. "Kimbieni, jamani!"

Hakuna aliyekimbia. Walilala kifudifudi wote, mpaka watoto, kama alivyowafundisha.