Ngao Isiyo na Mwenyewe

"Shauri la Ngao Moja Kuukuu, Yenye Manyoya Pungufu, Baina ya Juan Mkubwa na Juan Mdogo, Ndugu wa Mtaa wa Chini, Pamoja na Ombi Dogo Kuhusu Ndoano ya Kuitundikia."

Ndivyo karani alivyoandika, kwa wino mzuri uliovuka bahari kwa ajili ya mambo makubwa zaidi. Wale ndugu walikuwa na majina ya kwao, ila siku ya ubatizo padri alikuwa na haraka, na kila mwanamume aliyesimama upande wa kulia alitoka hapo akiitwa Juan. Ngao ilikuwa ya baba yao mdogo, askari wa zamani aliyekufa kwa ndui. Kila mmoja aliitaka. Hakimu, Don Baltasar, aliamuru itundikwe ukutani mwa baraza lake mpaka mwenyewe ajulikane.

Aliyefasiri ni Tlaco. Wazee wa mji wake walimtoa zawadi kwa Wahispania pamoja na mablanketi na bata mzinga. Bata waliliwa, mablanketi yakachakaa, akabaki yeye. Alikuwa ulimi wa hakimu. Hakimu akisema, "Waambie mbwa hawa wanyamaze," Tlaco aliwaambia watu wake kwamba bwana anaomba utulivu, na kwa kuyapunguza maneno makali namna hiyo aliuzuia mji usichomwe. Alilala chumba cha nyuma na binti yake mchanga, Xoco. Baba wa mtoto alikuwa kapiteni, alikwenda kaskazini kutafuta dhahabu na hajaleta hata salamu. Langoni palikuwa na mlinzi mwenye amri moja: mkalimani asivuke.

Jambo la kwanza lilikuwa uzi. Tlaco aliacha pamba na kijiti chake cha kusokotea kando ya mtoto, akaitwa barazani. Aliporudi jua likizama, alikuta pamba imesokotwa. Haukuwa uzi wake. Wa kwake ulikuwa mwembamba, sawasawa. Huu ulikuwa na vifundo vifundo, kana kwamba mkono uliousokota una pengo. Na chumba kilinuka nywele mbichi, zilizooshwa sasa hivi kwa mzizi wa povu.

Xoco alikuwa macho, anatazama kona tupu.

Kesho yake wale ndugu walirudi barazani na kumshangaza hakimu.

"Ngao ni ya kaka," alisema Juan Mdogo. "Mimi na ngao wapi na wapi?"

"Mwongo huyu! Ni ya kwake. Na ndoano achukue, nampa kwa moyo mweupe."

"Juzi mling'oana meno," alisema Don Baltasar, "leo mnapeana zawadi? Waambie sheria haitambui kitu kisicho na mwenyewe."

Tlaco alifasiri, kisha akambana Juan Mkubwa ukumbini.

"Mmeona nini nyinyi?"

"Dada, usiniangalie hivyo. Shangazi ndiye katuambia jana." Akashusha sauti. "Marehemu baba mdogo, enzi za vita, aliwavamia wakunga mazikoni. Nyuma ya ngozi ya ngao ile mna kidole."

Hakuhitaji kusema cha nani. Mwanamke akifa na mtoto tumboni, kwao alihesabiwa askari aliyeanguka vitani. Wakunga waliilinda maiti yake kwa ngao na mayowe, kwa sababu vijana wa vita walikivizia kidole chake cha kati cha mkono wa kushoto; ukikiweka ndani ya ngao, anayekujia hupofuka na miguu yake hufa ganzi. Wanawake hao hulisindikiza jua kuanzia adhuhuri mpaka linapotua, wakaliacha huko, kisha hushuka duniani kutafuta vijiti vyao vya kusokotea. Na watoto, kwa kuwa wa kwao hawakuwapata.

Jioni ile mdomo wa Xoco ulipinda upande mmoja, akashindwa kunyonya.

Mkunga Mocel aliruhusiwa kuingia, maana ndiye aliyemng'oa mlinzi jino bila kumuua. Alimwinamisha mtoto juu ya bakuli la maji. Uso wake haukuonekana majini. Palikuwa na giza tu, mpaka kifuani.

"Roho yake imeshikwa, mwanangu."

"Bibi, niitoe ngao niizike?"

"Jaribu uone."

Tlaco alijaribu. Barazani hapakuwa na mtu, jua jekundu likiingia dirishani, na kadiri alivyoikaribia ngao ndivyo nyayo zake zilivyopoa, kisha vifundo vya miguu, kisha magoti, mpaka akasimama kama nguzo katikati ya chumba asiweze kwenda mbele wala kurudi, macho yakimfifia, huku ile harufu ya nywele mbichi ikimjia kwa nyuma, karibu, karibu zaidi, mpaka tone la maji baridi likamdondokea shingoni na sauti ya mwanamke ikamuuliza sikioni, kwa lugha ya mama yake, taratibu kama mtu asiye na haraka yoyote: "Ni ya nani?"

Alianguka, akatambaa mpaka chumbani.

"Atauliza tu," alinong'ona Mocel. "Anamtaka anayekimiliki kidole chake, akiri kwa kinywa. Asipompata, atamchukua aliye karibu. Kesho jua halitatua mtoto huyu akiwa hai."

"Nitoroke naye?"

"Upitie wapi? Mlinzi nimemng'oa jino moja tu, hayo mengine angali nayo."

Kesho yake alasiri Don Baltasar aliamua kulimaliza shauri. Sheria ilidai tangazo, kwa lugha zote mbili, kumwita yeyote mwenye dai ajitokeze. Wale ndugu walikataa kuvuka kizingiti. Barazani walikuwamo hakimu, karani, na Tlaco aliyembeba Xoco mgongoni. Mtoto alikuwa amepoa kama jiwe.

"Yeyote mwenye dai," Tlaco alitangaza kwa lugha yake, "na ajitokeze."

Akajitokeza. Harufu ilijaa, mwanga ukawa mwekundu, na kutoka mlangoni ikaja michirizi ya nyayo zilizolowa, moja baada ya nyingine, ikimpita karani aliyekuwa akichonga kalamu yake, ikasimama mbele ya meza.

"Ni ya nani?"

"Mbona umesawijika?" aliuliza hakimu, ambaye alikuwa na njaa. "Nani kamwaga maji?"

"Kuna mtu anauliza, bwana. Ngao na vilivyomo ni mali ya nani?"

"Haya! Mwambie ni yangu. Ngao, vilivyomo, na hiyo ndoano. Mimi ndiye mwenyewe, na anayebisha aje anishike."

Tlaco alihisi pumzi ya mwanaye inakatika shingoni mwake.

"Niseme hivyo hivyo, bwana?"

"Neno kwa neno. Nakulisha ili ufikirie?"

Tlaco aligeukia pale penye maji. Hakupunguza kitu.

Mgongoni mwake Xoco alilia kwa nguvu. Don Baltasar aliitazama miguu yake kwa mshangao, kisha akajipapasa macho, akauliza kwa sauti ndogo nani amezima jua.

Hakimu aliyemrithi aliwasili kabla ya mvua. Alikuta ngao imechanwa ngozi yake, ndani tupu, na chumba cha nyuma kina mkalimani mzuri mwenye binti mnene. Akaamuru asivuke lango.

Kwa mujibu wa karani, marehemu alifariki kwa homa ya ghafla, na shauri likaahirishwa. Hapakuwa na homa. Hakimu aliulizwa ngao ni ya nani, akasema ni yake, na Tlaco akafasiri.