Mzigo wa Mwalimu Sabiha

Jumamosi asubuhi, karibu na stendi ya Bagamoyo, hakuna anayepita bila kugusana bega na mtu. Muuza mihogo anaita huku, bodaboda anapiga honi kule, na katikati ya zogo hilo alikuwa anapita Sabiha binti Pazi, mwalimu wa chekechea, mkazi wa Kaole. Baibui lake jeusi lilikuwa na tarizi ya zambarau mikononi, mtandio nao zambarau, uso umejaa jasho. Begani alibeba begi lililomvuta upande mmoja mpaka akawa anatembea kikombo. Alipofika mbele ya duka la kompyuta la Muhannad, mkanda wa begi ukakatika.

Begi likamwangukia Muhannad kwenye mguu. Alikuwa amechuchumaa mlangoni anapanga nyaya, shati la bluu limenyooshwa vizuri, kofia ya viua kichwani.

"Pole kaka. Nimekuumiza?"

"Umeniumiza, lakini nina mguu mwingine. Humu umebeba nini dada, jiwe la kusagia?"

"Kompyuta. Ya shemeji, nimeazima."

Muhannad akalinyanyua lile begi, akaguna. "Mrudishie shemeji yako leo hii. Hii itakuvunja bega kabla haijakufundisha kitu."

Sabiha hakutaka kucheka, lakini alicheka. Akasema bora hivyo, maana na yeye alikuja mjini kununua ya kwake. Akatoa karatasi mkobani, ameandikiwa na binamu yake. Muhannad akaisoma: skrini inchi kumi na saba, kadi kubwa ya picha, kumbukumbu gigabaiti thelathini na mbili.

"Huyu binamu yako anacheza gemu?"

"Kutwa kucha."

"Basi kajiandikia mwenyewe. Wewe unataka kuifanyia nini?"

"Naanza stashahada ya elimu ya awali, kwa mtandao. Nitaandika kazi zangu, nitasikiliza vipindi, nitaandaa picha za watoto. Mambo ya mitambo mimi siyajui wala sitaki kuyajua. Nikibonyeza iwake, basi."

Wauza kompyuta wengi wakisikia maneno hayo huona riziki imejileta yenyewe. Wangempa ile ya bei kubwa, wakamtajia tarakimu mpaka akanyamaza. Muhannad akapanga tatu juu ya meza, akachukua ya kwanza, akaitia kwenye mkoba wa Sabiha mwenyewe pamoja na chaja yake.

"Tembea nayo mpaka kwa yule muuza mihogo, urudi."

"Nikikimbia nayo?"

"Kwa uzito huo? Nitakukuta njiani nimekaa nakusubiri."

Akaenda, akarudi anapumua. Ya kwanza kilo mbili na nusu, ikakataliwa. Ya pili ilikuwa nyepesi, lakini vitufe vyake vilikuwa vimebanana na chaji haimalizi hata saa tatu. Muhannad akamwambia wazi kuwa Kaole umeme ukikatika ataitazama tu. Ya tatu ilikuwa kilo moja na robo, inchi kumi na nne, chaji saa tisa, kumbukumbu gigabaiti nane, na ikiguswa tu inawaka. Sabiha alitembea nayo, akampita muuza mihogo, akafika mpaka kona, akarudi anatabasamu.

"Hii nilisahau kama nimebeba kitu."

"Basi ndiyo hiyo. Wala si ghali kama ile aliyokuandikia mcheza gemu wako."

Lakini hakumpa ile ya mezani. Alisema imewashwa hapo tangu Ramadhani, betri imechoka. Ataagiza mpya Kariakoo na Ijumaa ataipata. Sabiha akalipa palepale, pesa ya mchezo wa kupeana na wenzake aliyoisubiri miezi kumi. Mama yake hakujua. Bi Zuleha aliamini pesa ile ni ya kuezekea jiko, na Sabiha alipanga kumwambia kompyuta ikishafika, maana mama akishakuona umeshika kitu mkononi hasira hupungua. Kilikuwa kitu cha kwanza kikubwa Sabiha kujichagulia tangu azaliwe, na alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Jumapili Muhannad akapiga simu.

"Mwalimu, nina jambo la kikazi. Kifuniko unataka cha fedha au cha bluu?"

"Cha bluu."

Jumatatu akapiga tena. "Ulisema cha fedha au cha bluu?"

"Jana si nilikujibu?"

"Ulijibu haraka mno. Sikuishiba sauti."

"Una maneno wewe. Wateja wako wote unawapigia hivi?"

"Wengine huwa nawaandikia ujumbe."

Kufika Jumatano "mwalimu" alishakuwa "mwalimu wangu", na Alhamisi akawa "habibti", na Sabiha hakumkanya. Nyie mliowahi kupendwa kwa simu mnajua: sikio linapata moto, vocha inakwisha, na kilichosemwa chote hakijai kijiko. Alhamisi hiyo ndiyo Sabiha alimwambia asiyomwambia mtu.

"Mimi nimeshawahi kuolewa, Muhannad."

"Ikawaje?"

"Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nikasikia vigelegele sebuleni, nikauliza nani anaolewa. Wakaniambia ni wewe. Miezi minane, nikarudi na talaka yangu. Hakuwa mtu mbaya. Ila hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujua kama naweza kusema. Sitaki tena kuolewa nikiwa jikoni."

Muhannad akasema, "Nimekusikia." Na kweli alimsikia. Alimpenda sana usiku ule.

Sasa njooni Ijumaa. Laptop ilishafika, lakini Muhannad aliitwa Miono kufunga kompyuta kwenye ofisi ya ushirika, na ahadi kwake ni deni. Akamwomba ami yake, Mzee Hamood, aipeleke Kaole baada ya swala. Akamwandikia Sabiha, aliyekuwa darasani: "Ami atakuletea nyumbani leo." Akapanda pikipiki, akaenda zake, hajui alichokifanya.

Maana Mzee Hamood si mtu wa kutumwa mzigo. Ukoo ule mzima, miaka ishirini, kila barua ya posa imepelekwa na yeye. Na mzee yule hajui kuingia nyumba ya watu ovyo. Akavaa kanzu, akavaa joho, akajifunga kilemba, akashika bakora. Boksi akaona litaingia vumbi, akalifunga kwenye kitambaa kipya cheupe. Mkono mtupu haulambwi, akapitia kununua kikapu cha halua. Mshenga kamili, amekosa tu wa kumwambia ajitazame kwenye kioo.

Bi Zuleha alipofungua mlango akamwona, akautengeneza mtandio haraka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nimetumwa na kijana wetu Muhannad, mwana wa marehemu Mahfoudh. Huu ni wa Sabiha."

Bi Zuleha akapokea kwa mikono miwili. Akaleta kahawa, akaleta sharubati, akachoma udi. Mzee Hamood akanywa, akashukuru, akaondoka anajiuliza watu wa Kaole wana ukarimu gani huu kwa mtu aliyeleta boksi.

Kwa desturi ya nyumba ile, posa ikija, kitambaa hakifunguliwi kwanza. Huitwa wakubwa, hutazama ni watu gani walioleta, wakiridhia ndipo hufungua na kusoma. Na binti haambiwi mpaka wakubwa wamekaa. Bi Zuleha akaufungia mzigo kabatini, ufunguo akautia kifuani, halua akaificha chini ya kitanda, akampigia simu shemeji yake Abdala, aliyeko Mlingotini.

Jioni Sabiha akarudi mbio. "Mama, leo hakuna mtu aliyeleta mzigo wangu?"

"Hajaja mtu," akasema Bi Zuleha, macho kwenye sufuria. Mama alificha posa, mwana alificha laptop, na kila mmoja akajiona mjanja.

Sabiha akatoka uani, akapiga simu.

"Muhannad, laptop yangu iko wapi?"

"Iko kwenu. Ami kamkabidhi mama yako mkononi."

"Mama anasema hajaja mtu."

"Basi labda kasahau."

"Mama yangu hasahau, na hanidanganyi."

"Na ami yangu je, kaila njiani?"

"Usinifanyie mzaha. Nilikuamini mpaka nikakueleza ya jikoni kwetu, mambo ambayo hata dada yangu sijamwambia. Kumbe umeniona mjinga wa kulaghaiwa. Asante."

Akakata, akamfungia namba, akaenda chumbani akalia. Jumamosi Muhannad alitaka kwenda Kaole mwenyewe, ami yake akamzuia. "Uende nyumbani kwa watu umwambie mama wa mtu kaficha mzigo? Huna adabu. Kesho nitakwenda mimi." Duka lilifunguliwa siku hiyo, lakini akili ya mwenye duka haikuwepo pale, alimpa mteja kebo mara mbili bila kuulizwa.

Jumapili asubuhi, kabla Mzee Hamood hajavaa viatu, simu yake ikalia. Alikuwa Abdala, baba mkubwa wa Sabiha, sauti imejaa furaha, maana hakutarajia ukoo ule kubisha hodi kwake.

"Mzee wangu, tumekaa, tumewatazama, hatuna doa la kuwatia. Tumeridhia. Karibuni leo alasiri tupange tarehe."

Mzee Hamood akasema alhamdulillahi kwa mazoea, kisha akaenda dukani polepole.

"Muhannad, wamekubali."

"Kukubali laptop?"

"Posa."

"Posa ipi?"

"Ile uliyonibebesha bila kuniambia. Mwanangu, ungenieleza ningevaa joho jipya."

Muhannad akakaa kwenye kiti. Akili ikamrudia kidogo kidogo: kanzu, joho, kitambaa, Ijumaa. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Alichokitaka kuliko vyote kimeletwa mlangoni, kazi yake ni kunyamaza tu, avae kanzu, aende alasiri. Akikanusha, atawaaibisha watu wa Kaole, na Sabiha watu watamwita aliyeposwa akarudishwa. Akinyamaza, basi Sabiha ameolewa tena jikoni.

Na Kaole kulikuwaje? Saa sita, Sabiha akikata vitunguu jikoni, Bi Zuleha alimwambia, "Umeposwa, mwanangu. Wakubwa wameridhia."

"Na nani?"

"Muhannad wa Mahfoudh, mwenye duka la kompyuta."

Sabiha aliweka kisu chini. Ijumaa alilia akidhani kala pesa yake, lakini pesa hutafutwa. Aliumia sasa. Alimweleza mtu huyu kwa mdomo wake kilichomvunja, na mtu akaenda akafanya hichohicho, tena kwa mgongo wake. Hakulia. Alikaa chumbani, pazia la mlango limeshushwa, akajiapiza kuwa safari hii atasema hapana hata nyumba ianguke.

Alasiri wageni wakaketi sebuleni. Abdala alijinyoosha, Bi Zuleha akaleta ule mzigo. Muhannad, kanzu nyeupe, midomo mikavu, akasema, "Baba mkubwa, naomba ufunguliwe kabla hatujaendelea."

Kitambaa kikafunguliwa. Likatokea boksi, juu yake karatasi. Abdala akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya barua ya posa: "Laptop moja, kifuniko cha bluu. Dhamana mwaka mmoja." Akavua miwani. "Dhamana mwaka mmoja? Sisi binti yetu hatumtoi kwa majaribio."

Mzee Hamood akajifunika uso kwa kilemba, mabega yanatikisika. Bi Zuleha alikaa chini mzimamzima.

"Wazee wangu, nisameheni," Muhannad akasema. "Kosa ni langu. Sabiha alinunua kompyuta hii kwa pesa yake, kwa ajili ya masomo yake. Nilimtuma ami ailete, basi. Posa sikuleta."

"Kwa hiyo unaturudishia jibu letu? Mbele ya kijiji?"

"Nalirudisha, baba mkubwa. Nampenda, hilo silifichi, na mkininyima leo nitaondoka hapa mtu mgonjwa. Lakini yeye hajaulizwa. Siwezi kupokea ndiyo ambayo hakuisema."

Abdala alikuwa amefungua mdomo kusema neno zito pazia lilipofunguka. Sabiha alisimama pale, dera la kijani, macho mekundu.

"Baba mkubwa, shikamoo. Mara ya kwanza nilinyamaza, mkadhani nimeridhia. Mlinipenda, najua, lakini nilikaa miezi minane nalia bafuni. Leo nataka nisikie kwa masikio yangu." Akamgeukia Muhannad. "Na wewe nilikuona tapeli. Nisamehe kwa hilo. Haya, una neno?"

"Nina neno," Muhannad akasema. "Sabiha, unanitaka?"

Mzee Hamood alisema baadaye kuwa katika miaka ishirini ya ushenga hakuwahi kuona kitu kama kile, na kwamba kilimfurahisha kuliko posa zote.

"Nipe siku saba nifikiri," akasema Sabiha.

"Mwanangu," Bi Zuleha akanong'ona kwa hofu.

"Chukua hata kumi," akasema Muhannad, na wote wawili wakajikuta wanacheka, na Abdala, aliyekusudia kukasirika, akaomba kahawa.

Jumatano saa nne asubuhi simu ya Muhannad ikalia.

"Mbona siku saba hazijaisha?" akauliza.

"Nimemaliza mapema. Mwambie ami aje Ijumaa, na joho lake jipya."

"Sabiha wangu, una hakika?"

"Nakutaka, Muhannad. Nimekaa peke yangu, sijamuuliza mtu, nimeona nakutaka. Ila barua iandike vizuri."

"Kwa nini? Baba mkubwa ni mkali kwa mwandiko?"

"Baba mkubwa atasikiliza," akasema Sabiha. "Nitaifungua mimi."