Kiti cha Nyundo

Jirani yetu wa ghorofa ya juu ni mhariri wa video, na kwa kazi hiyo hana mpinzani. Harusi ambayo shangazi wa watu kakohoa kuanzia mwanzo hadi keki, yeye ataikata mpaka uape shangazi hakualikwa. Kwa hiyo mdogo wake, mwimbaji wa bendi ya roki tuliyemzoea kwa jina la Kasuku, alipomletea picha za tamasha lao ili zitolewe kwenye DVD, hakuna aliyeona ajabu. Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine. Alichemsha chai, akashusha pazia mwanga usimsumbue kwenye kioo cha kompyuta, akaanza.

Lilikuwa tamasha la kukaa. Magitaa ya mbao bila umeme, hakuna kurukaruka, hakuna kupasua watu masikio. Jukwaani waliweka viti vinne ingawa bendi ilibaki na watu watatu. Cha nne kilikuwa cha Nyundo, mpiga ngoma wao aliyefariki kwa ajali ya gari, na juu yake waliweka kayamba kwa kumkumbuka. Nyundo alitumia mkono wa kushoto, tena alikuwa na mazoea yake: haanzi jambo mpaka abishe mara tatu kwa kidole. Wimbo, abishe. Chakula, abishe. Mama yao Kasuku, aliyemlisha kama mwanawe, alikuwa akimwuliza kama ndani ya sahani kuna mtu wa kumfungulia mlango.

Kasuku hakwenda kumzika. Alijifungia chumbani siku ile, na tangu hapo hakulitamka tena jina la rafiki yake.

Mhariri alikuwa kwenye wimbo wa kwanza alipolisikia kayamba. Dogo, la chini kwa chini, likienda sawasawa na magitaa. Akampigia simu fundi wa sauti.

"Kayamba?" fundi akacheka. "Apige nani? Kiti kile sikukiwekea hata maiki."

Basi akalifuta, kama anavyofuta kikohozi cha shangazi. Alipousikiliza wimbo tena, kayamba lilikuwa palepale. Ila sasa Kasuku, ambaye kwenye picha alikuwa akiwatazama watu, alikuwa amekigeuzia uso kile kiti. Mhariri alirudisha nyuma. Picha ile aliichagua mwenyewe kwa sababu ya macho ya mdogo wake, na macho hayo hayakuwepo tena. Chai ikapoa. Akasimama, akakaa, akasimama tena, akampigia.

"Uko wapi?"

"Kwa mama." Kasuku alinong'ona. "Dada, umefika wimbo wa mwisho?"

"Bado. Kuna nini?"

"Ukifika, uuache wote. Usiuguse."

Laiti angemsikiliza! Lakini dada mkubwa ni dada mkubwa, na huyu alimlea mdogo wake mgongoni.

Wimbo wa mwisho ulianza vizuri. Katikati yake Kasuku aliweka gitaa chini. Akainuka. Mhariri alikuwepo siku ya tamasha, safu ya mbele, na alijua wazi kwamba mdogo wake hakuinuka. Kwenye kioo aliinuka. Akatembea hadi kiti cha nne. Akaokota kayamba. Akaketi, kisha akasogea ukingoni, kama anayempisha mtu.

Mkono wa mhariri ukakata kabla ya akili. Alikata palepale, akafuta yote yaliyofuata, akafuta na picha za asili zilizotoka kwenye kamera ili asijaribiwe kurudi. Nimemwokoa, alijiambia. Simu ikaita. Alikuwa mama.

"Njoo. Mdogo wako kakaa tu."

Alimkuta jikoni, kwenye kiti cha kulia chakula, ameketi ukingoni. Macho wazi. Mama alikuwa amemwita, amemvuta, amemmwagia maji, na mtu hatikisiki. Mhariri akapiga magoti mbele yake. Midomo ya Kasuku ikasogea kidogo.

"Umekata, dada. Nilikuwa namuaga tu. Nimuage, nirudi."

Dada alivyolia! Alilia mpaka mama akaogopa kuuliza. Sehemu ya kurudi alikuwa ameifuta bila kuitazama. Akakimbia kwa fundi wa sauti, ambaye kwenye mashine yake sauti ilikuwa bado kamili. Wakasikiliza pamoja. Wimbo unaisha. Kiti kinalia. Kimya. Halafu hatua za mtu, zikitoka upande wa kiti cha nne kurudi pale Kasuku alipokuwa ameketi mwanzo.

"Hizi hapa," alisema mhariri. "Nipe."

"Bila picha?" fundi akauliza. "Utajuaje ni nani anayetembea?"

Mhariri akazinakili upesi kwenye simu yake. Alirudi jikoni, akamwekea mdogo wake simu sikioni. Hatua zikasikika. Kasuku akapepesa macho. Akainuka, akajinyoosha, akawakumbatia wote wawili. Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Mhariri alimshika yule kijana uso kwa mikono miwili, akahisi joto lake, akashukuru.

DVD ilipotoka wakaketi kuitazama, mama akiwa katikati, sahani mapajani. Mhariri alijua mwisho wake: watu wanapiga makofi, basi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeupanga. Makofi yakaanza. Mbele ya watu hao jukwaa likaonekana, dogo, na kwenye kiti cha nne kulikuwa na mtu, ukingoni, ameshika kayamba. Alikuwa Kasuku. Hakuwatazama waliokuwa wakipiga makofi. Alikuwa akimtazama dada yake.

Mhariri aligeuka taratibu. Kwenye kochi, kijana wa mama alikuwa amepewa sahani yake. Alitabasamu. Akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto, akabisha ukingo wa sahani mara tatu, akaanza kula.

"Jamani," mama alisema, macho yamejaa, "umenikumbusha mwenzako."

Nakala yetu tunayo, tuliinunua kama majirani wengine. Kwetu inaishia kwenye makofi, na kiti cha nne kina mtu. Kila tukiitazama, kayamba linasikika kwa nguvu zaidi.