Blanketi la Tatu

Kila siku baada ya masomo, Kasuku alipitia nyumba ya wageni ambako mama yake alisimamia usafi wa vyumba. Alikaa kwenye chumba cha kupigia pasi, akakariri kitabu chake cha Kiitaliano: pane, mkate; letto, kitanda. Wenzake walimpa jina la Kasuku kwa kuwa alirudia maneno bila kuyatafuna. Kurasa za sarufi aliziruka. Neno lililomshinda alilibahatisha kwa Kiingereza, lugha aliyoizungumza tangu chekechea.

"Umefika wapi?" mama aliuliza.

"Nimemaliza kitabu kizima, mama."

Jumatano moja mama aliingia mbio. "Mwanangu, njoo! Yule bibi Mwitaliano wa chumba namba saba anaumwa, na hatuelewani. Nesi yuko njiani."

Bibi alikuwa amelala, uso umemwiva. "Ho caldo," alinong'ona. "Ho caldo."

Caldo? Kasuku hakuwahi kuliona neno hilo. Lakini lilifanana na 'cold', neno la Kiingereza la baridi.

"Anasemaje?"

"Ana... anasikia baridi."

Mama akafunga dirisha. Akaleta blanketi, kisha la pili, kisha la tatu. Bibi aliyasukuma kwa mikono isiyo na nguvu. "No! Caldo!" Jasho lilimtiririka, pumzi zikawa fupifupi.

"Mbona anazidi?" mama aliuliza. "Una hakika?"

Bibi akafumba macho. Mkono wake ukaning'inia pembeni mwa kitanda. Amekufa, Kasuku aliwaza. Nimemuua.

"Sijui, mama! Nilibahatisha! Kitabu sikukimaliza, nilikudanganya!"

Mama hakugomba. "Kamusi yako iko wapi? Kimbia!"

Kasuku alirudi na kitabu chake na kamusi, akapekua kurasa za kamusi. C... ca... caldo. "Joto! Mama, anasikia joto!"

Mablanketi yakatupwa sakafuni, dirisha likafunguliwa. Nesi alipofika alimkanda bibi kwa kitambaa chenye maji, akampa dawa ya homa. Kasuku alisimama ukutani, akihesabu kila pumzi. Ilipita saa nzima ndipo bibi alipofumbua macho na kuashiria kwa mkono aketishwe.

"Nani alitafsiri?" nesi aliuliza.

Kasuku akasogea mbele. "Ni mimi. Nilidhani caldo ni 'cold' ya Kiingereza."

Nesi akachukua kitabu cha Kasuku, akafungua ukurasa wa sarufi ambao bado ulikuwa mpya kabisa. "Ona hapa. 'Ho' maana yake 'nina', na 'caldo' ni joto. Waitaliano husema wana joto, wana njaa, kama sisi tusemavyo tuna njaa. Kiingereza chako ndicho kilichokupoteza."

Kasuku akainamisha kichwa. "Niliona aibu kusema sijui."

"Nimetibu watu miaka ishirini," nesi alisema, "na hakuna siku inayopita bila mimi kusema, 'Sijui, ngoja nitazame.' Aibu hiyo ni ya dakika moja tu, mwanangu. Lakini ukijifanya unajua, anayeumia ni mwenzako."