Uzito wa Baiskeli ya Umair

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Shekha alifagia ua wa nyumba yao huko Barani, mjini Malindi. Alianzia mlangoni, akapita chini ya mwarobaini, akaenda mpaka ukutani, na hapo ufagio ulilazimika kuzunguka. Ukutani palikuwa na baiskeli. Hakuna aliyesema isiguswe, lakini miezi yote ile hakuna aliyeigusa, na majani yalirundikana chini ya magurudumu yake mpaka yakaoza.

Ilikuwa baiskeli ya Umair, kaka yake, aliyefanya kazi ya kubeba masanduku ya wageni katika hoteli moja ya ufukweni. Jioni moja kabla ya masika alirudi kazini akiwa na homa. Aliiegemeza baiskeli ukutani, akachomoa kiti chake kama alivyofanya kila jioni ili wezi wasiitamani, akaingia ndani kulala. Hospitalini walijitahidi, lakini homa ilimshinda. Alizikwa akiwa na miaka kumi na tisa, na baiskeli ikabaki pale pale, mvua yote ya masika ikiinyeshea.

Mvua zilipokwisha, Shekha alishindwa kuvumilia. Alikuwa na miaka kumi na miwili na shule ilikuwa mbali. Alikipata kiti chini ya kitanda cha Umair, akakirudisha mahali pake, akajaza upepo na kufuta matope. Ubavuni, rangi nyeupe ilikuwa bado inasomeka: 14. Umair aliiandika kwa mkono wake siku alipoipima baiskeli kwa mizani ya hoteli, na maringo yake yote yalikuwa hapo. "Kilo kumi na nne kamili," alikuwa akiwaambia vijana wa mtaa. "Zenu nyinyi ni za kubebea mawe."

Shekha alipoipanda mara ya kwanza, alijua kuna jambo. Baiskeli ilikuwa nzito. Na kila alipokata kona, kitu kilisogea ndani ya vyuma vyake, taratibu, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayemeza mate. Alisimama, na sauti ikasimama. Alianza tena, ikaanza. Aligeuka akaitazama karia nyuma yake, pale alipokuwa akipakiwa na kaka yake. Hapakuwa na mtu.

Mama yake, Bi Rufaida, naye aliisikia. Alasiri moja aliisukuma baiskeli kuiondoa mlangoni, kisha akaiachilia ghafla kana kwamba imemuunguza.

"Baiskeli hii imebeba mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Ijumaa ami yako Faki akija kutoka Mambrui, ataondoka nayo. Mimi siwezi kukaa nayo."

"Mama, si ni ya Umair?"

"Ndiyo maana, mwanangu."

Shekha aliushika usukani. Nguo za Umair zilikwisha kutolewa sadaka. Simu yake aliichukua baba, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Baiskeli ndiyo pekee iliyobaki, na sasa nayo inaondoka. Akasema jambo la kwanza lililomjia kichwani.

"Tuipime. Yeye aliandika kumi na nne. Ikiwa bado ni kumi na nne, basi haijabeba mtu. Iache ibaki."

Mama aliitazama ile namba nyeupe. "Haya," alisema. "Tuipime."

Kesho yake baada ya shule, Shekha alikwenda sokoni na rafiki yake Cindy. Wazazi wa Cindy walikuwa wametoka bara wakahamia mtaa wa Kisumu Ndogo, hapo hapo Malindi, na Cindy alikuwa mtoto wa kuuliza kila kitu na kuogopa vichache. Waliingia katika duka la Mwaura, lenye kila bidhaa kuanzia misumari hadi mitungi.

"Shikamoo, mzee. Tunataka mizani ya kupimia baiskeli nyumbani," Shekha alisema. "Isiwe ya bei kali."

"Marahaba. Baiskeli?" Mwaura alicheka. "Mimi wateja wangu hupima mahindi."

Hata hivyo aliwaonyesha alichokuwa nacho. Ile kubwa ya kuwekea magunia ingewagharimu bei ya baiskeli nyingine. Ile ya mviringo ya kuning'iniza, wanayotumia wauza makaa, mshale wake uliruka kilo nzima nzima, na Shekha alitaka kujua hata robo. Iliyofuata ilikuwa mizani ya kusimamia, ile ya watu.

"Hii ni rahisi," Cindy alisema. "Unasimama ukiwa umeibeba baiskeli, halafu unasimama bila kuibeba, unatoa."

Hesabu yake ilikuwa sahihi, lakini Shekha alitikisa kichwa. Hakutaka kuikumbatia baiskeli ile kifuani na kusikia kitu kikimeza mate karibu na sikio lake.

Mwishowe Mwaura alitoa kimashine kidogo chenye mpini juu na kulabu chini. "Hii huinunua wasafiri, wapime masanduku kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Inafika kilo hamsini. Mia nne tu."

Shekha aliijua. Umair alikuwa na moja kama hiyo kazini. Akatoa pesa zake za Idi, lakini Cindy akamshika mkono. "Usilipe kabla hatujaijaribu." Walitundika pakiti ya sukari ya kilo mbili. Mizani ikasema 2.3. Mwaura akakuna kichwa, akafungua boksi jingine. Hiyo ilisema 2.0, na walipojaribu tena, 2.0.

"Nyinyi mnafaa kuajiriwa na serikali," Mwaura alisema, akapokea pesa.

Mama hakuwapo walipofika nyumbani. Walifunga mizani kwa kamba kwenye boriti ya barazani, wakaiinua baiskeli na kuitundika. Magurudumu yaliachana na sakafu kidogo tu. Ndani ya vyuma kitu kilisogea, kikatulia. Tarakimu zikacheza, kisha zikasimama: 15.2.

Waliishusha, wakaipandisha tena. 15.2.

"Kilo moja na kitu," Cindy alisema polepole. "Sasa huo ni mzimu gani wa kilo moja? Umair hakuwa mrefu kama mlango?"

Siku nyingine Shekha angecheka. "Usimwambie mama," alisema.

"Mwambie wewe basi. Pengine atajua ni nini."

Lakini Shekha hakusema. Mama aliporudi, Cindy alikuwa amekwenda kwao; walisimama wawili barazani, baiskeli ikining'inia mbele yao. Shekha alisogea karibu sana na gurudumu la nyuma. Dera lake lilikuwa refu, likafunika miguu. Kwa ncha ya kidole gumba cha mguu aliligusa tairi kutoka chini, akaliinua kidogo, akaliinua tena, huku akizitazama tarakimu zikishuka. 14.8. 14.3. 14.0.

"Soma, mama," alisema.

Bi Rufaida alisoma. Aliinama akaisoma tena. Halafu akaweka kiganja juu ya namba nyeupe ya mwanawe na machozi yakamtoka kimya kimya.

"Basi amepumzika," alisema. "Alhamdulillahi. Amepumzika."

Jioni hiyo alifungua dirisha la chumba cha Umair kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alimpigia simu ami Faki kumwambia asijisumbue. Shekha alimsikia akivuta uradi wake kwa sauti iliyotulia, lakini hakufurahi. Mama alikuwa amepata raha. Lakini yeye alijua kilichoandikwa kwenye mizani kabla ya kidole chake kuingia. Sasa hakuwa akidhani tena. Alikuwa na hakika kwamba kuna kitu humo.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Njiani kwenda shule kitu kilimeza mate kila kona. Shekha alianza kukisemesha. "Umair, ni wewe?" alinong'ona, na baiskeli ikajibu kwa sauti ile ile. Aliogopa kuangalia nyuma, na aliogopa kutoangalia. Hatimaye akaacha kuipanda. Aliisukuma kwenda na kurudi, mkono ameunyoosha ili isimguse, na jua lote la mchana lilikuwa kichwani mwake.

Mama alimwona akiingia uani namna hiyo. "Mbona unaisukuma?"

"Ina pancha."

Bi Rufaida aliinama akabonyeza tairi la mbele, kisha la nyuma. Yote mawili yalikuwa magumu. Akanyanyuka, akamtazama bintiye.

Shekha akaanza kulia. Alieleza yote: 15.2, kidole, sauti, kila kitu. "Nilitaka ibaki," alisema. "Halafu ulipofurahi, nikashindwa kukuambia kwamba bado yumo."

Uso wa mama ulibadilika, na kwa kitambo Shekha alidhani ameirudisha huzuni yote nyumbani kwa mkono wake. Kisha mama alikwenda kuchukua mizani. "Itundike," alisema. "Safari hii simama kule."

15.2.

Mama alikaza midomo. Aliisogelea baiskeli, akaitikisa, akasikia. Hakuruka nyuma kama mwanzo. Aliitikisa tena, sikio lake karibu na vyuma.

"Kiti hiki ulikitoa wapi?"

"Chini ya kitanda chake."

"Alikichomoa jioni ile," mama alisema. "Tundu lake likabaki wazi. Masika yote."

Walikichomoa kiti. Kisha wakaishusha baiskeli na kuipindua juu chini, magurudumu hewani. Maji yakatoka. Yalitoka kwa wingi, meusi, yenye harufu ya majani yaliyooza, yakatiririka hadi kwenye mizizi ya mwarobaini. Walipoipima tena, na kiti chake, mizani ilisema 14.1.

"Nilipita hapa kila siku mvua ikinyesha," Bi Rufaida alisema. "Tundu nililiona, sikuweza kuligusa. Niliogopa nikiisogeza baiskeli nitakuwa nimekubali kwamba hatarudi kuichukua. Hayo maji niliyaingiza mimi."

Alikaa kwenye ngazi ya baraza na kumvuta Shekha karibu naye.

"Umenidanganya, na mizani si kitu cha kuchezea. Mwenyezi Mungu ametukataza. Lakini angalia ulichojifanyia. Mimi nililala vizuri, nawe ukabaki peke yako na kitu kinachokutisha. Ungeniambia siku ile ile, tungekimwaga siku ile ile. Hofu ukiificha, hakuna wa kukusaidia kuitazama. Usinifiche tena, hata kama ukweli utaniumiza. Na mimi sitakuficha yangu."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe."

Shekha aliinuka akaitikisa baiskeli. Aliitikisa tena kwa nguvu zaidi. Ilikuwa kimya kabisa. Alikuwa ameiogopa sauti ile mpaka akakosa usingizi, na sasa alisimama akiitafuta.

"Hasemi tena," alisema.

"Hakuwa akisema, mwanangu. Ilikuwa mvua." Lakini mkono wa mama ulibaki juu ya ile namba nyeupe, na ilipita dakika nzima kabla hajauondoa.

Adhana ya Magharibi ilipokaribia, Shekha alitaka kuirudisha ukutani. Mama akamzuia. "Hapo imekaa vya kutosha. Iingize ndani, na kiti chake."

Waliibeba pamoja, Shekha mbele akishika usukani, mama nyuma akishika karia, wakaingia nayo katika chumba cha Umair na kuiegemeza chini ya dirisha lililo wazi. Ilikuwa nyepesi, kama alivyosema mwenyewe.