Nyundo Iliyoitikiwa

Daktari wa mifupa, waliyemwita Seremala kwa mapenzi yake ya patasi, alipiga nyundo mara moja: ko. Ndani ya nyonga ya mama muuza maziwa kitu kikaitikia: ko.

"Sista, umegonga meza?"

"Mikono yangu hii hapa, Daktari."

Wakatazamana juu ya barakoa. Mguu wa yule mama ulikuwa umevunjika ukagoma kuunga, kwa hiyo walikuwa wanachukua kipande cha mfupa wa nyonga wakakipandikize huko. Kabla ya kulazwa usingizi alitania: "Yaani mnatoboa huku mzibe kule? Haya baba, nyonga nayo ikivunjika, madebe yangu utabeba wewe?"

Seremala akapiga tena. Ko. Ko. Ikaja harufu ya mfupa unaoungua, na msumeno haujawashwa. Patasi ikaanza kwenda yenyewe. Aliivuta nyuma, ikarudi mbele, kuelekea ile ncha ya mbele ya nyonga inaposhika misuli ya paja, ambapo ukikata karibu mfupa hukatika kama mwiko mkavu, na kadiri alivyoikaza ndivyo vidole vya baridi asivyoviona vilivyobana juu ya vidole vyake, vikimsukuma, huku pumzi ya mtu asiyekuwepo ikimnong'oneza sikioni, gonga, karibu kidogo tu, gonga.

"Sista," akanong'ona, "si mimi ninayeshika."

"Iachie! Hilo jini linatafuta ufa, na nyundo yako ndiyo inalipigia hodi!"

Akakunjua vidole kimoja kimoja. Patasi ikaanguka sakafuni. Sista akampa msumeno wa umeme, akisoma dua chini ya barakoa. Seremala akarudi nyuma ya ncha upana wa vidole viwili, akakata kipande kidogo cha kutosha tu, akazilainisha pembe za shimo ili ufa usipate pa kuanzia. Mle ndani kugonga kukafifia, kukanyamaza.

Kesho yake mama akasimama kwa magongo. Nyonga nzima. Seremala nusura alie.

"Asante, baba. Ila yule mwenzako wa mikono ya baridi..."

"Mwenzangu yupi?"

"Aliyekuwa amekushika mkono. Kaja kitandani, kasema kwangu hakuna pa kuingilia." Akashusha sauti. "Kaniuliza eti mkeo wewe kapata ufa mguu gani."

Mkewe alikuwa ameanguka bafuni alfajiri ya siku hiyo, mfupa wa mguu ukapata ufa. Seremala hakuwa amemwambia mtu yeyote.