Mahali Shengkai Alipopafuta

Stesheni kuu ya Taipei siku ya Jumamosi asubuhi haina adabu. Unakanyagwa, masanduku ya magurudumu yanapita juu ya vidole vyako, na harufu ya wali na nyama ya kukaanga inakufuata mpaka ndani ya behewa. Katikati ya vurugu hiyo kuna meza ndogo ambapo wasafiri hupiga mhuri wa stesheni kwenye vitabu vyao, iwe kumbukumbu. Hapo ndipo Shengkai, fundi wa lifti mwenye mabega mapana na haraka zisizo na sababu, alipobamiza mhuri juu chini kwenye kitabu kisichokuwa chake.

"Wewe kaka! Hicho changu!"

Aligeuka. Mbele yake alisimama msichana mwenye gauni la kitani lenye rangi ya chai changa, miwani ya duara, na nywele zilizobanwa kwa penseli. Hasira zilimpendeza, na hilo ndilo lililomponza Shengkai.

"Samahani, dada. Vimefanana."

"Vimefanana wapi? Changu cha bluu, chako cha kijani."

"Basi macho yangu yana matatizo."

"Una bahati. Kazi yangu kupima macho." Akampa kadi ya duka la miwani. "Njoo Jumatatu. Na uje na maelezo ya mhuri huo."

Jumatatu alikwenda. Macho yake yalikuwa mazima, na Peiru, maana ndilo jina la msichana huyo, alilijua hilo kabla hajamkalisha kitini. Alimpima mara mbili hata hivyo.

Sasa nikwambie jambo ambalo Shengkai hakuambiwa. Miezi minne kabla ya mhuri ule, Peiru alikuwa amekwenda Tainan kwa Mzee wa Mwezi, yule mungu anayefunga watu wawili wawili kwa uzi mwekundu. Kwetu kisiwani kwenda kwake si aibu, ila hutangazi. Unasimama mbele ya sanamu yake, unataja jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani, maana wateja wake ni wengi asije akakosea nyumba, kisha unaeleza mtu unayemtaka. Peiru aliomba mwanamume mcheshi, asiye mlevi, na anayenyamaza sinema ikianza. Akapewa uzi mwekundu, akauweka ndani ya kitabu chake cha mihuri. Wazee wanasema uzi huo ukipotea wenyewe usiutafute, umekwenda kazini. Siku ile ya stesheni, Peiru alipofika nyumbani na kufungua kitabu, uzi haukuwamo.

Aliyepata hurudi kushukuru. Na anayerudi hubeba boksi la keki za uchumba, zile ambazo familia huwagawia ndugu na jamaa binti anapochumbiwa. Peiru aliahidi atarudi. Mwaka ukapita, na nusu nyingine juu yake. Keki hakuna.

Mapenzi yalikuwepo, tena ya kutosha. Shengkai alimpigia simu kutoka kila lifti aliyoitengeneza.

"Niko ghorofa ya kumi na tisa, laazizi. Nakuona mpaka huko."

"Nimevaa nini?"

"Kitu kizuri."

"Nimevaa koti la kazini, mwongo wewe. Shuka ule chakula chako."

Mwezi wa Oktoba ulipokaribia na mapumziko yake marefu, waliamua kukizunguka kisiwa kwa treni. Kwetu huo ni mtihani. Mtu usiyemjua, zunguka naye kisiwa. Akikuudhi Hualien, mashariki, utakuwa umekwishamchoka kabla ya kufika Kenting, kusini kabisa. Basi asubuhi moja walikaa kwenye duka la kifungua kinywa la Yafang, dada mkubwa wa Shengkai, mwanamke mwenye aproni ya maua na mdomo usio na breki. Mbele yao kulikuwa na chapati za mayai na maziwa ya soya ya moto. Peiru aligeuza karatasi ya kuagizia chakula, akachukua penseli kutoka nywelani.

"Siku ni nne, na mimi sitaki kukimbizwa kama mbuzi. Kila mtu aandike mahali panne. Kisha kila mtu afute pawili pa mwenzake."

"Kwa sababu gani?"

"Bila sababu. Ukianza kueleza, tutalala hapa."

Shengkai aliandika: jua likichomoza mlimani Alishan, mashamba ya mpunga ya Chishang, ufukwe wa Kenting, na lifti ya kale iliyoko dukani Tainan.

"Lifti!" Peiru aliangusha kijiko. "Mtu yuko likizo, anakwenda kutazama lifti!"

"Ina mshale unaoonyesha ghorofa, mpenzi. Ina karibu miaka tisini."

"Hata bibi yangu ana miaka tisini, mbona humtazami?" Akaifuta, akafuta na Kenting kwa sababu ya jua. "Haya, zamu yako."

Orodha ya Peiru ilikuwa na chemchemi za maji moto, ziwa, uji wa samaki mwatiko Tainan asubuhi, na pa nne pakaandikwa kwa herufi ndogo: Mzee wa Mwezi. Alikuwa amefikiri hivi: sitamwambia kitu, nitamwandikia jina la mahali, na yeye mwenyewe atajua ninachosema.

Shengkai alisoma, akaiweka chapati chini. Kwa Mzee wa Mwezi huenda nani? Huenda anayetafuta. Aliyekwisha kupata huenda na keki za uchumba, na wao keki hawana. Kwa hiyo Peiru bado anatafuta. Alitazama kucha zake, ambazo grisi haikutoka hata kwa sabuni ya unga, akamkumbuka mama yake Peiru aliyeuliza kwa upole sana kama kazi ya lifti haina ofisi. Akafuta ziwa. Kisha akafuta Mzee wa Mwezi, mistari miwili, penseli ikatoboa karatasi.

Peiru alikunja midomo. "Sawa."

"Sheria ni yako," Shengkai alisema.

"Nimesema sawa."

Yafang akiwa jikoni alisikia ile "sawa" ya pili, akatikisa kichwa. Mwanamke akisema sawa mara mbili, jua hakuna kilicho sawa.

Wiki ikapita bila simu za lifti. Alhamisi, siku mbili kabla ya safari, Peiru alishindwa kuvumilia, akapiga yeye.

"Hiyo safari bado ipo?"

"Wewe unaionaje?"

"Mimi nakuuliza wewe, Shengkai."

"Muulize anayejua anachokitafuta."

"Maana yake nini?"

"Hakuna."

"Kama hutaki kufika huko na mimi, sema. Sitakufa."

"Kufika wapi?"

"Unajua wapi. Ulipafuta kwa mkono wako, tena ukatoboa karatasi!"

"Na wewe ulipaandika kwa mkono wako!" Shengkai alisema, sauti ikamvunjika. "Ningefanya nini? Nikubebee mkoba?"

Simu ikakatwa. Nani alikata, kila mmoja alimsingizia mwenzake. Peiru alilia kwenye chumba cha kupimia macho, mbele ya ubao wa herufi, na herufi zote zilimpotea hata zile kubwa za juu. Alielewa jambo moja tu: mtu huyu hataki kuoa. Lakini ahadi ni deni, na Mzee wa Mwezi hana kosa. Jumamosi alfajiri alivaa lile gauni la rangi ya chai, akanunua pakiti ya peremende, akapanda treni ya Tainan peke yake.

Asubuhi hiyohiyo Shengkai alikuwa dukani kwa dada yake na begi la safari miguuni, hajui la kwenda nalo. Chapati ilikuwa inapoa. Yafang alifuta mikono, akakaa mbele yake.

"Umefanya nini?"

Akamwambia. Alipomaliza, Yafang alikwenda kwenye droo, akatoa ile karatasi iliyotoboka. Alikuwa ameihifadhi, maana mtu mwenye duka la chakula hatupi kitu.

"Nikuulize. Wewe ulipokuwa unamtaka yule binti wa benki, ulikwenda kwa Mzee wa Mwezi?"

"Tusimzungumzie huyo."

"Ulikwenda au hukwenda?"

"Nilikwenda."

"Na nani?"

"Peke yangu. Nilivaa kofia na barakoa."

"Ehee! Anayekwenda kuomba huenda peke yake na kofia. Sasa huyu amekuandika kwenye orodha mwende wawili. Umeona wapi mtu akimpeleka mpenzi wake kwenda kuomba mpenzi mwingine? Anakwenda kushukuru, zuzu wewe! Kukushukuria wewe, na hizo kucha zako!"

Shengkai alizitazama kucha zake. Kisha akasema polepole, "Lakini kushukuru kunataka keki za uchumba."

"Na wa kuzinunua ni nani?"

Aliinuka, kiti kikaanguka. Begi alilisahau, Yafang akamfuata nalo mpaka barabarani.

Duka la keki lilikuwa ndiyo kwanza linafunguliwa. Mama muuzaji alitoa kitabu cha maagizo.

"Hongera, mwanangu. Maboksi mangapi? Wengi huagiza mia."

"Moja."

"Moja! Bibi harusi hana ndugu?"

"Anao. Ila yeye mwenyewe hajaambiwa."

Mama huyo alimtazama, akacheka mpaka akafuta machozi. Alimfungia boksi jekundu kwa utepe wa dhahabu, akamsukuma nje. "Kimbia. Za ndugu utakuja kuagiza baadaye."

Alimpigia Peiru simu kutoka kwenye treni iendayo kasi. Ililia, ikalia, kisha ikapokewa.

"Uko wapi?"

"Mahali ulipopafuta."

"Umeshamwona Mzee?"

"Bado. Nakula uji wa mwatiko kwanza. Inakuhusu nini?"

"Kula polepole."

"Kwa nini?"

"Mwatiko ana miiba. Nakuomba, Peiru. Mwiba mmoja mmoja."

Peiru alikata simu akiwa amekasirika. Lakini alikula polepole, bakuli la pili pia, na hakujiuliza sana kwa nini.

Hekalu lilijaa. Moshi wa udi ulining'inia chini ya paa la vigae, na wasichana waliovaa barakoa walijipanga mbele ya Mzee wa Mwezi, kila mmoja akijifanya amekuja kwa ajili ya shangazi yake. Peiru alipanga peremende zake mezani. Akachukua vile vipande viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga, ambavyo kila mtu hapa hurusha sakafuni akiwa na swali. Kimoja kikionyesha bapa na kingine mgongo, Mzee amekubali. Vyote mgongo, amekataa. Vyote bapa, anacheka, yaani swali lako halijakaa sawa.

"Mimi Hsu Peiru," alinong'ona. "Ulinipa, na nilimpata. Keki sina, kwa sababu mwenyewe hataki. Utapokea peremende, tuachane kwa amani?"

Akarusha. Bapa na bapa. Mzee amecheka. Akarusha tena. Bapa na bapa. Mara ya tatu machozi yalikuwa yamemfika kidevuni, na Mzee bado anacheka.

"Hapokei peremende," alisema mtu nyuma yake. "Hata mimi nisingepokea."

Shengkai alikuwa anahema. Shati lake jeupe, la pekee alilokuwa nalo lenye pasi, lilikuwa limelowa mgongoni. Boksi jekundu alilikumbatia kwa mikono miwili.

Peiru aliliona boksi. Kila mtu kwenye foleni aliliona boksi. Mabinti wa barakoa walisogea pembeni kimya, wakaacha nafasi.

"Nilidhani umekuja kutafuta mwingine," Shengkai alisema. "Nikaogopa hata kuuliza. Nakupenda, Peiru, na nilipafuta kwa woga, basi."

"Mwaka na nusu! Mwaka na nusu nangoja mtu anayeweza kufungua lifti iliyokwama na watu kumi ndani, hawezi kufungua mdomo wake!"

"Najua."

"Na lifti yako nikaifuta."

"Iko mtaa wa pili. Tutakwenda?"

"Usibadilishe mazungumzo."

Aliweka boksi juu ya meza, kando ya peremende. Kisha akachukua vile vipande viwili, akafunga macho, akasema kwa sauti ambayo hata wauza udi mlangoni waliisikia:

"Mimi Lo Shengkai, fundi wa lifti, naishi na dada yangu juu ya duka la kifungua kinywa, wilaya ya Wanhua. Nataka kumuoa Hsu Peiru. Nimechelewa, kosa ni langu. Unakubali?"

Akarusha. Kipande cha kwanza kilianguka bapa juu. Cha pili kiligonga mguu wa meza, kikaruka, kikaviringika chini ya kitambaa chekundu kisionekane. Foleni nzima ikanyoosha shingo.

Shengkai aliinama. Peiru akamtangulia, akapiga magoti na gauni lake la kitani, akaingiza mkono na kichwa chini ya kitambaa. Alikaa humo kidogo. Alipotoka, kipande kilikuwa kimefichwa ndani ya ngumi, miwani imekaa upande, na vumbi la udi limempaka shavuni.

"Kimesemaje?" Shengkai aliuliza.

"Kimesema ndiyo."

Mabinti walipiga makofi, barakoa zikashuka, mtu akaanza kufungua boksi la keki ili baraka ziwafikie na wao. Shengkai alimvuta Peiru karibu, akamfuta vumbi shavuni kwa kidole gumba.

"Umekiona vizuri lakini? Kilikuwa mgongo juu?"

Peiru alirekebisha miwani yake, akayatazama yale macho aliyoyapima mara mbili.

"Wala sikukitazama," alisema.